Kupanda Longonot kutoka Nairobi: maji, jivu na saa

Mlima Longonot, ulio karibu na Naivasha katika Bonde la Ufa nchini Kenya, hauna theluji, hauhitaji kamba, na Mnairobi anayerauka anaweza kuupanda na bado akala chakula cha jioni kwake. Ndiyo maana wengi huuendea kama waendao matembezi ya Jumapili: chupa moja ya maji, raba za mjini, na kuanza kupanda saa tano, jua likikaribia utosini. Wanaokwama huko hawakwamishwi na urefu. Hukwamishwa na maji yaliyokwisha, jivu lililowanyima pa kukanyaga, na siku waliyoianza kwa kuchelewa. Mwongozo huu unayapanga hayo matatu, kuanzia mwezi mmoja kabla ya safari.

Ijue volkano unayoiendea

Longonot ni volkano iliyolala, si iliyokufa. Mlipuko wake wa mwisho unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1860. Kwa umri wa mlima, hiyo ni jana jioni. Kati ya 2004 na 2006 vipimo vya setilaiti vilionyesha kuwa ardhi yake imeinuka kwa takriban sentimita 9. Mvuke bado unafuka kwenye kuta za kasoko, yaani lile shimo kubwa lililo juu ya mlima. Hutaona lava ikitiririka, na asiyekuambia hivyo mapema anakuharibia siku.

Kwa mpandaji, uhai huo una maana tatu. Kwanza, unachokikanyaga ni jivu na mawe mepesi yenye vitundu, ya jamii ya jiwe la kusugulia visigino. Yakiwa makavu huviringika chini ya soli kama punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji. Pili, ardhi ya namna hiyo huyanywa maji ya mvua upesi, kwa hiyo njiani hakuna kijito wala chemchemi ya kujazia chupa. Tatu, mvuke huunguza, na udongo unaouzunguka hulainika ukawa ganda tu. Hakuna njia rasmi ya kushuka ndani ya kasoko. Chini kuna msitu mnene na nyati. Usishuke, hata ukiona kijia kinachokuita.

Anayetaka volkano inayotema moto atalazimika kuvuka mpaka. Ol Doinyo Lengai iko Tanzania, karibu na Ziwa Natron; hupandwa usiku ili kuepuka jua, mteremko wake ni mkali mno, na haifai kwenda bila kiongozi wa huko. Nyiragongo, katika Mbuga ya Kitaifa ya Virunga nchini Kongo, ililipuka Mei 2021 na lava ikafika pembeni mwa mji wa Goma. Usalama wa eneo hilo si wa kumpeleka mtu matembezi. Longonot ndiyo shule ya kuanzia. Ukiumudu vizuri, mingine utaifikiria ukijua miguu yako inaweza nini.

Shika tarakimu hizi, kwa maana ndizo utakazopimia kila uamuzi. Lango la mbuga liko mita 2,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Ukijumlisha na kurudi, unatembea kama kilomita 13.4. Mtu wa mazoezi ya wastani hutumia saa moja hadi moja na nusu kufika ukingoni, saa mbili na nusu hadi nne kuzunguka, na karibu saa moja kushuka.

Siku gani?

Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ni kukavu, anga safi, lakini jua ni kali na vumbi ni tele. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi kwa anayeanza, ingawa Julai ukungu wa Limuru na Kijabe hufanya barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa kuwa ya hatari alfajiri.

Ukiweza kuchagua, nenda siku ya pili baada ya mvua ya kiasi. Jivu huwa limeshikana, vumbi limetulia, na mguu haurudi nyuma kila hatua. Siku yenyewe ya mvua ni kinyume chake: njia hugeuka mifereji, na vijia vilivyochimbwa na maji hadi kiunoni hupitisha matope. Tazama utabiri wa Naivasha, si wa Nairobi. Mara nyingi kuna mawingu mazito Westlands na jua kali Longonot, na kinyume chake.

Katika msimu wa mvua ndefu, barabara yenyewe ni sehemu ya uamuzi. Aprili 2024 maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli eneo la Kijabe yalifumka usiku na kuua makumi ya watu Mai Mahiu. Kukiwa kumenyesha sana usiku kucha upande wa Kijabe na Limuru, ahirisha. Mlima hauhami.

Jumamosi na siku kuu ukingo hujaa vikundi kutoka Nairobi. Wengine hupenda shamrashamra hizo, na kwa anayekwenda mara ya kwanza kuna faida ya kuwa na watu karibu. Anayetaka utulivu aende Jumanne.

Mwezi mmoja wa kuandaa miguu

Nairobi iko karibu mita 1,800, kwa hiyo mapafu ya mkazi wake hayatashtuka sana. Kinachoshtuka ni mapaja na magoti, na hasa wakati wa kushuka, misuli inapofanya kazi ya breki kwa saa nzima.

Wiki ya kwanza, tembea kilomita 8 hadi 10 katika Msitu wa Karura, mara mbili, bila kusimama ovyo. Wiki ya pili tafuta ngazi za jengo refu, la ofisini au la unapoishi. Panda na ushuke kwa dakika 30, mara tatu katika wiki, ukiwa na mkoba wenye kilo 4. Usishuke kwa lifti, maana ule mshuko ndio ulioufuata. Wiki ya tatu nenda Ngong Hills ukiwa na viatu vilevile, mkoba uleule na chakula kilekile utakachokwenda nacho Longonot. Hapo ndipo utakapojua kama kiatu kinachubua kisigino, na ni heri ujue ukiwa karibu na matatu ya Ngong kuliko ukiwa nusu ya mzunguko. Wiki ya nne punguza. Matembezi mepesi tu, na siku mbili za mwisho pumzika.

Mtu anayepata maumivu ya goti kwenye ngazi wiki ya pili asijidanganye kwamba mlima utamponya. Afike ukingoni, atazame, ashuke. Mandhari ya kasoko yanaonekana yote ukifika pale.

Viatu, kwa sababu ndivyo vinavyorudisha watu wengi

Si lazima ununue buti mpya za bei. Gikomba na Toi Market zina buti nzuri za mitumba, ila kuna mtego mmoja ambao wauzaji wengi wenyewe hawaujui. Buti nyingi za milimani zina tabaka la povu gumu kati ya soli ya chini na ngozi ya juu. Tabaka hilo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa macho kiatu kinaonekana kipya kabisa. Ukikitembeza kilomita tatu, soli inabanduka yote kama ganda la ndizi.

Kijaribu hivi kabla ya kulipa. Kikunje kwa nguvu mara kumi ukitazama pembeni, kati ya soli na ngozi. Ukiona nyufa ndogondogo, unga unaodondoka au sehemu inayonatanata, kiache. Bonyeza povu kwa ukucha wa kidole gumba: zuri hurudi lilivyokuwa, bovu hubaki na alama au humeguka. Kisha tazama meno ya soli. Yawe na kina cha kutosha kuingiza ncha ya kidole. Raba za mbio zenye meno mazuri zinafaa pia msimu wa kiangazi. Viatu vya soli laini vya mjini havifai kabisa, kwa sababu juu ya mawe yale mepesi huteleza kama sabuni.

Kiatu kizidi mguu kwa nafasi ya kidole kimoja mbele. Wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele maelfu ya mara, na kucha ndefu huvilia damu. Zikate siku mbili au tatu kabla. Vaa soksi za sufi au za nailoni zinazokausha jasho, si za pamba, kwani pamba ikilowa hulainisha ngozi na malengelenge hufuata. Jivu nalo huingia kiatuni kutoka juu. Chukua soksi kuukuu ndefu, ikate sehemu ya wayo, ubaki na mrija. Uvae mguuni, kisha uuvute chini ufunike mdomo wa kiatu. Kazi yake haipungui ile ya vifaa vya dukani.

Maji na chakula

Lita 3 kwa kila mtu mzima. Si lita 3 za kikundi, na si lita 2 na soda. Njia nzima haina kivuli cha maana na huwezi kujaza popote.

Usiyabebe katika chupa za plastiki za kutupa. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zote za kitaifa nchini, na chupa hizo za dukani zimo. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Askari wa langoni wanaweza kukunyang'anya, ukabaki na maji huna pa kuyatia. Tumia chupa ngumu za kujazwa tena, mbili au tatu, si dumu moja kubwa, ili uone ulichobaki nacho.

Gawanya hivi: lita moja hadi ukingoni, lita moja na nusu kwenye mzunguko, nusu ya kushukia. Asubuhi kabla ya kuanza, kunywa nusu lita nyingine mbali na hiyo. Ukifika ukingoni ukakuta umeshamaliza lita moja na nusu, huo mzunguko si wako leo. Kanuni hiyo ni ngumu kuifuata wakati wenzako wanaendelea, ndiyo sababu iwekwe na kikundi chote kabla ya kuanza kupanda.

Jasho halitoi maji peke yake, hutoa na chumvi. Anayekunywa maji matupu siku nzima bila kula huanza kuumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu, akadhani ni kiu, akazidi kunywa. Beba pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kutoka duka la dawa na usome kwenye pakiti ni za maji kiasi gani. Ukikosa, changanya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Chakula kiwe cha kuliwa mkononi na kisichoharibika kwenye joto: ngwaci au nduma zilizochemshwa, chapati, mayai ya kuchemsha, njugu karanga, ndizi mbivu ambazo hazijalegea. Kula kidogo kila baada ya saa moja. Mlo mkubwa kileleni huifanya miguu mizito kwa njia iliyobaki. Maganda yote, hata ya ndizi na mayai, rudi nayo.

Vya kutia mkobani

Kofia yenye ukingo mpana na mafuta ya kujikinga na jua, bila kujali rangi ya ngozi yako. Leso au barakoa ya vumbi. Koti jepesi la kuzuia upepo na mvua, kwa maana ukingoni upepo hupuliza hata siku ya joto, na jasho likipoa ghafla unatetemeka. Bendeji ya kukunja ya kufungia kifundo, plasta, dawa zako za kawaida. Mwenye pumu asiache kipulizio chake. Jivu lile ni laini sana. Tochi, filimbi, simu yenye chaji kamili na pawabenki. Fimbo moja nzuri ya kutembelea itakusaidia zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Mkoba wote usizidi kilo 7, maji yakiwemo.

Malipo na stakabadhi

Mbuga inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kiingilio hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu. Lipa usiku uliotangulia ukiwa nyumbani, uipige picha stakabadhi kwenye simu, na umtumie mwenzako nakala. Ukisubiri kulipia langoni unategemea mtandao, chaji na foleni ya watu waliofanya kosa hilohilo. Angalia ada kwenye eCitizen yenyewe siku unayolipa, kwani viwango hubadilishwa na vile vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi ni vya zamani.

Raia, mkazi na mgeni hulipa ada tofauti. Beba kitambulisho halisi, la sivyo unaweza kudaiwa ada ya mgeni. Weka pia pesa kidogo taslimu kwa ajili ya bodaboda, hata kama una M-Pesa.

Kutoka Nairobi: panga saa kuanzia mwisho

Mbuga hufungwa saa kumi na mbili jioni. Hesabu kurudi nyuma. Uwe umetoka langoni saa tisa alasiri, ili upate gari la kurudi kabla ya giza na usiteremkie wala kupandia Mai Mahiu usiku pamoja na malori. Toa saa sita za mlimani na mapumziko, unapata saa tatu asubuhi kama mwisho kabisa wa kuanza kupanda. Saa moja na nusu asubuhi ni bora zaidi. Mwendo kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 90, saa moja na nusu hadi mbili. Basi ondoka saa kumi na moja alfajiri.

Kwa matatu, magari ya Naivasha hupatikana upande wa River Road na Nyamakima. Kabla ya kupanda uliza jambo moja: linapita juu au chini? La juu hupitia Limuru na Kinungi, na halitakufikisha. Unataka la chini, linaloteremkia Mai Mahiu. Mwambie kondakta mapema kwamba unashukia senta ya Longonot, maana dereva aliyekolea mwendo huipita bila kusimama. Pale senta kuna bodaboda za kukufikisha langoni. Patana bei ya kwenda na kurudi, uchukue namba ya simu, na umpigie ukiwa unaanza kushuka kutoka ukingoni. Kuutembea mwendo huo kwa miguu baada ya mlima, juani, ni mateso yasiyo na faida.

Mwenye gari lake akumbuke kuwa mteremko wa Mai Mahiu ni wa gia ndogo, si wa kukanyaga breki mfululizo hadi zinuke. Foleni ya malori ni ya kawaida, na kazi ya upanuzi wa barabara kutoka Rironi, iliyozinduliwa Novemba 2025, inaweza kukuongezea saa nzima. Ondoka mapema zaidi au lala kwenye kambi ya Oloongonot iliyo chini ya mlima, uamke ukiwa tayari umefika.

Kupanda

Jiandikishe langoni, tumia choo, kaza kamba za viatu juu ya wayo lakini uache nafasi vidoleni. Si lazima kuwa na kiongozi kwa sababu njia iko wazi, ila kikundi chenye watoto au wageni wa milima kiulize askari wa KWS kuhusu kusindikizwa. Uliza pia kama kuna nyati waliokaa karibu na njia asubuhi hiyo. Kwenye sehemu ya chini huishi pundamilia, twiga na nyati. Endeleeni kuzungumza kwa sauti ya kawaida, msikatize vichakani.

Mwanzo wa njia hudanganya kwa sababu ni mpole. Watu hukimbia hapo, kisha mwinuko unapoanza mapigo ya moyo yameshapanda na hayashuki. Tembea mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kila dakika 20 simama dakika mbili, unywe, uendelee. Ukikaa chini robo saa, misuli hupoa na kuanza upya ni kazi. Achaneni hatua tano kati ya mtu na mtu ili wa nyuma asile vumbi la wa mbele.

Sehemu kali ya mwisho kabla ya ukingo ndiyo inayokatisha watu tamaa. Hatua fupi, wayo mzima chini, mwili umeinama kidogo tu. Anayekanyaga kwa ncha za vidole hurudi nyuma nusu ya kila hatua kwenye jivu lililolegea. Kaa ndani ya njia iliyotengenezwa. Kila anayekatiza pembeni anaanzisha mfereji mpya, mvua inaupanua, na kwenye udongo huu kovu hilo halifungiki haraka.

Ukingoni: uamuzi kabla ya picha

Mkifika, kabla ya kutoa simu, kila mmoja ajibu maswali manne. Saa ngapi? Ikiwa imepita saa tano na nusu, msizunguke. Mmetumia muda gani kupanda? Zaidi ya saa mbili, msizunguke. Maji yamebaki zaidi ya lita moja na nusu? Kuna mawingu meusi au sauti ya radi? Jibu moja baya linatosha kuwarudisha, na jibu la mtu mmoja ni la wote, kwa maana kikundi kikigawanyika ukingoni hakuna anayejua nani yuko wapi.

Wanaoendelea waanze upande wa kulia, wakitazama kasoko. Kilele kiko upande wa magharibi, na ni bora ukutane na mpando mkali kabisa miguu ikiwa bado na nguvu. Ukishindwa njiani, unarudi ulikotoka kwa njia uliyoizoea. Kuna sehemu ambapo njia ni nyembamba, kasoko upande mmoja na mteremko upande wa pili. Hapo hakuna kupigana picha ukirudi kinyumenyume, na upepo ukizidi, tembea umejikunja kidogo, mkoba umebanwa mwilini. Mtoto mdogo asivuke hapa. Kwake ukingoni panatosha.

Kutoka kileleni, siku safi, unaliona Ziwa Naivasha lote na mvuke wa mitambo ya umeme ya Olkaria kusini mwake. Furahia, lakini jua kuwa sehemu kubwa ya mzunguko iko mbele, yenye kupanda na kushuka kusikokwisha. Wengi huchoka hapa kuliko kileleni kwa sababu moyoni walishamaliza. Kula kitu, unywe, kaza kamba upya.

Radi ikisikika popote kwenye mzunguko, wewe ndiye kitu kirefu zaidi juu ya ukingo ule. Shuka kwa njia iliyo karibu zaidi na ya uhakika. Moto nao si hadithi: Machi 2009 moto wa nyika ulipanda mlima huu hadi ndani ya kasoko. Hakuna kuvuta sigara, hakuna kuwasha jiko.

Mwenzenu akianza kuongea ovyo, kusitasita, au ngozi ikawa ya moto na yeye anatapika, hilo ni joto limemzidi. Mwekeni kivulini hata kama ni cha koti, mlegezeeni nguo, mlowesheni shingo na makwapa, mpepeeni, mwite msaada. Piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Kifundo kikiteguka, usivue kiatu hapo, kwani mguu ukivimba hautarudi ndani. Funga bendeji juu ya kiatu, mpe fimbo, mshuke polepole.

Kushuka

Ajali nyingi za njia hii zinakungoja hapa, ukiwa umechoka na lango linaonekana. Kwenye jivu lililolegea chimba kisigino na uache mguu uzame. Kwenye ardhi ngumu iliyotandazwa mawe madogo fanya kinyume: wayo mzima, hatua fupi, magoti yamekunjwa, uzito juu ya mguu wa chini. Palipo pakali zaidi geuka ubavu. Usikimbie. Ukihisi unaanguka, kaa. Tako lenye vumbi ni afadhali kuliko kifundo cha mkono kilichovunjika.

Ukilala Naivasha

Siku ya pili wengi huenda Hell's Gate, mbuga ya kilomita za mraba 68 iliyoanzishwa 1984. Ni tambarare, unaweza kukodi baiskeli karibu na Lango la Elsa, na kwa miguu iliyochoka ni tiba. Harufu ya yai bovu inayokujia inatokana na gesi ya ardhini, kwani Olkaria imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981.

Korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya mbuga hiyo, ni habari nyingine. Mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba kila mara. Maji hayo hutokana na mvua iliyonyesha mbali kwenye miinuko, kisha hubanwa kati ya kuta nyembamba. Juu yako anga inaweza kuwa ya buluu. Uliza langoni sehemu gani zimefunguliwa siku hiyo, ingia na kiongozi wa pale tu, na ukiona maji yamebadilika rangi au umesikia mngurumo, panda juu papo hapo bila kukusanya vitu. Msimu wa mvua usiingie kabisa.

Ukifika nyumbani

Jivu la volkano ni vipande vidogo vya kioo. Ukiifuta lenzi ya kamera au kioo cha simu kikavu, unakikwaruza. Pulizia kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu. Kung'uta nguo nje kabla ya kuziloweka. Zipu za mkoba zisugue kwa mswaki uliolowa. Viatu vitoe soli ya ndani, vioshe kwa maji baridi, uvijaze magazeti na kuvikausha kivulini, kwa maana jua la juu ya paa la mabati hulegeza gundi ya soli.